Samaki Waliobisha Hodi

Mama Léocadie aliinua kikapu chake kutoka kwenye matope, akakitikisa, akachungulia ndani. Mlikuwa na kambare mmoja, mwembamba kama kidole cha mgonjwa, na konokono wawili. Nyuma yake wanawake wa kijiji cha Kitamuna waliacha kuchota maji. Wote walijua desturi, na wote walimwangalia yeye.

Desturi ilikuwa hivi. Kila kiangazi, mto Lualaba uliposhuka na kuliacha bwawa la Kamunga peke yake kama sahani iliyosahauliwa uani, wanawake walijenga vizuizi vya udongo, wakalikata bwawa vipande vipande, wakachota maji ya kila kipande kwa mabeseni na vibuyu mpaka samaki wakabaki wakirukaruka kwenye tope. Kazi hiyo haikuwa ya wanaume. Mwanamume aliyekanyaga Kamunga siku hiyo alipakwa matope tangu utosini hadi nyayoni, na akifika nyumbani hakupewa pole na mtu. Na samaki wa kwanza hakuliwa. Mama wa bwawa alimshika kwa mikono miwili, akampeleka kwenye kina kisichoguswa, akamwambia, "Nenda ukawaambie wenzako kwamba tumewabakizia nyumba yenu." Kisha akamwachia.

Mama wa bwawa alikuwa Léocadie. Kazi hiyo aliirithi kwa mama mkwe wake, pamoja na kinu kikubwa na maumivu ya mgongo.

"Mama," ilisema sauti moja huko nyuma, "huyo ukimwachia, leo watoto watakula desturi?"

Wengine walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Huo ulikuwa mwaka wa pili vikapu kurudi vyepesi. Zamani samaki wa Kamunga walikaushwa juu ya moto, wakafungwa kwa majani, wakaenda kwa miguu hadi Wamaza na Kabambare, wakarudi wakiwa karanga na mafuta ya mawese. Sasa watoto wa Kitamuna walikuwa wakila sombe tupu, majani ya muhogo, siku baada ya siku, na nywele za baadhi yao zilianza kugeuka rangi ya udongo. Mjukuu wa Léocadie alikuwa mmoja wao.

Alimtazama yule kambare. Samaki alifunua kinywa, akakifumba, kama mtu aliyesahau alichotaka kusema. Léocadie akatembea naye mpaka kwenye kina.

"Nenda ukawaambie wenzako," alianza, na sauti ikamkwama. "Nenda ukawaambie kwamba tumewabakizia nyumba yenu."

Maji yalimpokea samaki bila hata kutoa mlio.

Kwenye ukingo, mbali kidogo kwa kuogopa matope, alisimama Gaston, mtoto wa kaka yake. Gaston alikuwa monita wa kilimo. Serikali ya Wabelgiji ilikuwa imempa kaptula ya kaki, kamba ya kupimia mashamba, na kazi ya kuhakikisha kila nyumba inapanda pamba yake. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya. Alipokuwa mdogo alikula sana samaki wa bwawa hilo.

"Shangazi, jambo."

"Jambo, mwanangu. Njoo karibu."

"Hapana, hapa panatosha. Kaptula hii ni ya serikali." Alingoja Léocadie apande ukingoni. "Shangazi, bwawa hili limekufa."

"Linapumzika."

"Mwaka jana pia ulisema linapumzika."

"Na wewe mama yako alisema utakuwa padri. Kila mtu husema neno lake."

Gaston alitabasamu, kisha akaacha. "Sikiliza. Bwana agronomu, mzungu mkuu wa kilimo, anakuja mvua zikishashika, kabla ya Noeli. Anapita kutafuta ardhi isiyo na kazi. Bwawa lisilo na samaki kwake ni tope linalongoja kukaushwa. Atachimba mtaro wa kutoa maji, na hapa patakuwa pamba kutoka mti ule mpaka ule."

"Pamba hailiwi, Gaston."

"Najua hailiwi. Lakini nikimwambia bwawa ni hai, naye atie wavu asipate kitu, kesho nani ataniamini?"

"Na akitia wavu akapata?"

"Akipata, nitasimama mbele yake niseme hili ni shamba la wanawake wa Kitamuna na lina mavuno yake. Neno hilo atalisikia. Lakini shangazi, hao samaki watatoka wapi?"

Léocadie alikamua kitambaa chake, akabeba kikapu, akaenda zake. Usiku na mchana swali lile lilimfuata kama mbwa wa jirani.

Maana bwawa lilikuwa lilelile. Maji yalikuwa yaleyale, na mvua ya masika iliyopita haikupungua. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika Kamunga, na hicho kila mtu alikihesabu kuwa baraka. Viboko hawakuwepo tena.

Walikuwa kundi dogo, dume mmoja na wake zake na ndama wao. Mchana walilala kwenye maji ya Kamunga, pua na masikio tu vikionekana. Jua lilipozama walitoka. Wengine walifuata mkono wa maji uliounganisha bwawa na mto, njia iliyojipinda kati ya matete, wakaenda kula majani ng'ambo. Wengine walipanda moja kwa moja kwenye mpunga. Shamba la Léocadie lilipakana na la Bi Hawa, mwanamke wa ukoo wa Waislamu wa Kasongo mjini, ambaye babu zake walikuja na biashara tangu enzi za misafara na wakaacha mpunga na misikiti. Mume wake, Mzee Ramazani, alikuwa mvushaji wa mtumbwi pale kivukoni. Asubuhi wanawake hao wawili walikutana mpakani, wakitazama mpunga uliolala chini kama mkeka.

"Bwana yetu alikuja jana," Hawa alikuwa akisema. "Amekula, amejisaidia, ameondoka bila kuaga."

"Bwana yako," Léocadie alijibu. "Wangu alibatizwa."

"Aa! Anakula kwako na kwangu. Basi sisi ni wake wenza."

Tangu hapo waliitana muke mwenza, na kiboko akawa bwana yetu. Mzee Ramazani aliposikia aliuliza yeye ni nani katika ndoa hiyo. Hawa akamwambia, "Wewe ni bwana wa mchana."

Utani uliisha siku dume lilipopindua mtumbwi wa Ramazani na magunia yake. Mungu alisaidia, watu wote walifika ukingoni wakiwa hai, lakini siku hiyo mzee hakuvusha mtu tena. Kijiji kikasema sasa basi. Léocadie aliwaongoza Wakristo katika sala ya siku tisa kwenye kanisa lao dogo la udongo, wakimwomba Mungu awaondoe viboko. Hawa na watu wake waliomba kwao msikitini. Wiki chache baadaye alifika mwindaji mzungu, mgeni ambaye jina lake hakuna aliyelishika, akitafuta nyama kwa ajili ya watu waliokuwa wakitengeneza barabara ya kwenda Kabambare. Watu walimwonyesha njia mbio mbio. Mwezi haukwisha, na Kamunga ikawa kimya.

Walikula, wakaimba, wakashukuru. Hawa peke yake hakugusa nyama ile. "Sijui kama dini yangu inaniruhusu kumla," alisema, "ila kufurahi inaniruhusu." Na kwa kuwa ule mkono wa maji ulianza kujaa matope meusi, laini kama siagi ya mawese, Hawa alipanda mpunga humo humo, katika njia ya kiboko. Mpunga ule ulitoka mnene hata watu wa mjini wakaja kuutazama.

Mvua ya kwanza ilinyesha siku chache baada ya vikapu kurudi vitupu. Lualaba uliongezeka kidogo, maji yakawa na rangi ya chai ya maziwa. Léocadie alichukua panga akaenda upande wa mto kukata matete ya kuziba ua wake. Hakuwa amefika huko tangu viboko waondoke. Zamani alipaona tu kutoka kwenye mtumbwi wa Ramazani; kwa miguu hakuna mwanamke aliyethubutu.

Alipofika pale ambapo mkono wa maji ulikuwa ukifunguka kuingia mtoni, hakuuona. Palikuwa pameota ukuta wa matete na majani yanayoelea, yamefumana mizizi kwa mizizi hata mtu angeweza kulala juu yake. Alifikiri amepotea. Kisha aliona kichuguu kirefu ambacho njia ya kiboko ilikuwa ikikizunguka, akajua hajapotea. Mlango ndio uliopotea.

Akasikia mlio. Ulikuwa mdogo, pwa, pwa, pwa, kama watoto wanaobusu mikono yao. Aliinama, akatenga majani.

Chini ya ukuta ule maji yalikuwa yanachemka kwa samaki. Kambare wakubwa, matumbo yamejaa mayai, walikuwa wamesongamana mgongo kwa mgongo. Walisukuma majani kwa pua, wakarudi nyuma, wakasukuma tena. Wengine walikuwa na michubuko kichwani. Nyuma yao walikuja wengine, na wengine.

Léocadie alikaa chini juu ya matete yaliyolala. Wanabisha hodi, alijiambia. Wamefika nyumbani na mlango umefungwa.

Hapo mambo yalianza kujipanga kichwani mwake, moja likishika mkono wa jingine, kama wanawake wanaopokezana mabeseni. Mvua ya kwanza inapoita, kambare hupanda kutafuta maji yaliyotulia ya kutagia. Maji yaliyotulia ni Kamunga. Njia ya Kamunga ni hii. Na matete huota kila siku, hayachoki, hayaendi kanisani Jumapili. Nani alikuwa akiyazuia? Hakuna mtu wa Kitamuna aliyewahi kukata hata tete moja hapa. Ni wale wenye matumbo mazito, waliopita kila usiku, wakienda na wakirudi, wakikanyaga, wakila, wakiburuza. Walikuwa wakifagia njia, na hakuna aliyewaajiri.

Katekista alizoea kusema kwamba Mungu hakuumba kiumbe asimpe kazi. Siku zote Léocadie alidhani kazi ya kiboko ni kuwaadhibu wenye dhambi wanaolima mpunga.

Alipiga magoti. "Bwana," alisema, "nilikuomba kwa siku tisa, ukanipa. Mbona hukuninyima?" Samaki waliendelea kugonga. Alingoja kidogo, maana alikuwa mtu wa sala na alijua kungoja. Hakupewa sauti wala ishara. Lakini moyo wake, uliokuwa mzito, ulielekea mahali pamoja tu, kwenye panga lililokuwa kando ya goti lake. "Basi," alisema, akasimama. "Nimeelewa. Leo ni zamu ya mikono."

Jioni ile aliwakusanya wanawake, akawaeleza. Wengine hawakuamini mpaka walipokwenda kuona. Waliporudi hawakuhitaji kuambiwa tena. Gaston alikuja na kamba yake.

Hapo ndipo Léocadie alipokosea, na alikosea kwa sababu ya aibu. Njia ya zamani ilipita katikati ya mpunga wa Hawa, na mpunga ulikuwa umeshaota, wa kijani, wa kutia huruma. Léocadie hakuwa na uso wa kumwendea rafiki yake na kumwambia, ng'oa. Akasema, "Tuchimbe njia nyingine. Tuende moja kwa moja, upande wa pili wa kichuguu. Ni karibu zaidi." Gaston alivuta kamba, ikanyooka kama barabara ya serikali. Wanawake walichimba kwa majembe, wakakata mizizi kwa mapanga, wakabeba matope kwa vikapu. Wanaume waliopita walitania: "Mnazika nani?" "Tunazika uvivu wenu," walijibiwa. "Leta mguu tuupime."

Maji yaliingia kwenye mfereji ule mnyoofu, yakafika nusu. Wanawake walipiga vigelegele. Usiku ikanyesha mvua kubwa. Asubuhi walikuta kingo zimeporomoka, mfereji umejaa mchanga na matope mpaka juu, kana kwamba hakuna aliyewahi kuugusa kwa jembe.

Mzee Ramazani alikuwa ameegesha mtumbwi wake karibu. Alitazama kwa muda, akijikuna kidevu.

"Mama Théophile," alimwita Léocadie kwa jina la mtoto wake wa kwanza, "nitasema, ijapokuwa mimi si mwanamke na mtanipaka matope. Kiboko hapiti popote. Yule hutafuta chini palipo pagumu, mwili wake mzito. Njia yake ilipinda kwa sababu chini yake kuna changarawe, kutoka mtoni mpaka bwawani. Mimi najua, upondo wangu uligonga pale miaka mingi. Huku mlikochimba ni mchanga mtupu. Mtachimba mpaka Pasaka."

"Najua njia ilipo, mulamu," Léocadie alimjibu shemeji huyo wa utani kwa sauti ndogo.

"Basi kwa nini..." Mzee aligeuka, akaona mpunga wa mke wake. "Ahaa," alisema. Akapanda mtumbwi wake haraka, akaenda kuvusha watu ambao hawakuwepo.

Léocadie alimkuta Hawa shambani kwake, amechutama kati ya mistari ya mpunga, amempa mgongo.

"Salaam, muke mwenza."

"Salaam. Nimesikia mlifukua kaburi, likajizika lenyewe." Hawa hakugeuka. "Umekuja kuniomba shamba."

"Nimekuja kukuomba njia."

"Njia iko ndani ya shamba. Ukichukua utumbo wa kuku, unamwachia nini?" Sasa aligeuka, na macho yake yalikuwa makali. "Siku tuliposhangilia tulishangilia wote. Wewe ulisali kwa sauti kuliko wote, nilikusikia mpaka kwangu. Leo hasara iwe ya Hawa peke yake?"

"Si yako peke yako. Nitakupa nusu ya shamba langu la juu, ulime msimu huu."

"Lile la mawe?"

"Lina mawe machache."

"Lina mawe, na kati ya mawe lina mawe mengine." Hawa alicheka bila kutaka. Alishika mche mmoja wa mpunga, akauelekeza kwa rafiki yake. "Kwanza angalia huu. Niambie unaona nini."

Léocadie aliinama. Majani yalikuwa na rangi ya njano kutoka ncha mpaka katikati. Mche wa pili ulikuwa hivyo. Mstari mzima ulikuwa hivyo. Kutoka mbali mpunga ulionekana kijani, kumbe ulikuwa ukiumwa.

"Mwaka wa kwanza ulinifika kifuani," Hawa alisema. "Mwaka jana kiunoni. Huu wa sasa sijui kama utanifika gotini. Nimeusomea dua, nimeupalilia. Sijamwambia mtu. Watu wa mjini walikuja kuutazama, niwaambie nini?"

Gaston alikuwa amemfuata shangazi yake, akisimama kando kwa heshima. Aliomba ruhusa, akang'oa mche mmoja, akavunja udongo wa mizizini kwa vidole.

"Bi Hawa, tope hili mlilikuta jeusi, siyo?"

"Jeusi kama kaniki."

"Weusi ule ulikuwa mavi ya kiboko. Usinikasirikie, ndivyo lilivyo. Usiku alikuwa anakula majani kule malishoni, mchana analeta samadi hapa na bwawani. Miaka na miaka. Wewe ulipanda juu ya akiba yake, na akiba imekwisha, maana hakuna anayeiongeza." Alisita, kama mtu aliyekanyaga neno jipya. "Na ngoja. Shuleni walituonyesha tone la maji ya bwawa kwenye kioo cha kukuza. Mna vijani vidogo mno, na wadudu wadogo wanaovila, na vitoto vya samaki hula wadudu hao. Vile vijani navyo hutaka samadi, kama mpunga. Nilijifunza hivyo, nikafaulu mtihani, na sikuwahi kufikiri kwamba walikuwa wakisema juu ya Kamunga."

Wanawake wawili walitazamana.

"Kwa hiyo," Hawa alisema polepole, "bwana yetu alikuwa anakula kwangu na kwako..."

"...na alikuwa analipa," Léocadie alimalizia. "Ila hatukuwahi kutazama anapoweka malipo."

"Ng'ombe hajui kazi ya mkia wake mpaka ukatwe." Hawa alisimama, akajipangusa magoti. Alitazama mpunga wake mstari kwa mstari, na Léocadie hakumharakisha, maana mpunga unaoumwa nao umeupanda kwa mkono wako. Kisha akamnyooshea kidole. "Sikiliza, mke wa Mkristo. Mtakata upana wa kiboko mmoja, siyo wa viboko wawili wanaosalimiana. Pembeni mtaniachia. Samaki wakija, kikapu cha pili ni changu kila mwaka. Na lile shamba lako la mawe nalitaka pia."

"Utalipata."

"Na mawe utayatoa wewe."

"Nitayatoa."

"Basi leta jembe. Wa kwanza kung'oa ni mimi. Sitaki mtu mwingine auguse."

Alivua ushungi akaufunga kiunoni, akang'oa mche wa kwanza. Léocadie alishika wa pili.

Walifuata njia ya zamani, pinda kwa pinda, Ramazani akitangulia mbele kwa miguu, upondo mkononi, akigonga chini na kupaza sauti: "Changarawe! Changarawe! Hapa kulia kidogo, msimkatie kona bwana yenu!" Wanaume walioona mvushaji mzee amejiunga waliona haya kuendelea kukaa. Walikuja na mapanga, wakakata ukuta wa matete upande wa mto, na ilibidi wakubali kupakwa matope kwanza, kama ilivyo sheria. Gaston aliivua kaptula ya serikali, akaitundika juu ya mti, akaingia na kitambaa cha shangazi yake kiunoni. Kitambaa hicho kilikuwa na maua mekundu. Kijiji kilikuwa na cha kucheka kwa mwezi mzima.

Kipande cha mwisho cha majani kilipokatika, maji ya mto hayakuingia kwa kishindo. Yaliingia taratibu, yakilamba kingo, yakizunguka kichuguu, yakibeba mapovu na vijiti. Léocadie alisimama katikati ya mfereji, maji yakimpanda mapajani, rozari shingoni ikining'inia mbele yake.

Kitu kikampiga kwenye mguu. Kikateleza, kikapita. Kisha kingine. Kisha wengi, wanene, wenye haraka, wakimsugua magoti kana kwamba wanamwambia atoke njiani.

"Wameingia!" alipiga kelele. "Wameingia, jamani! Karibuni! Karibuni ndani!"

"Mwambie mtu awape kiti," Hawa alijibu kutoka ukingoni, huku akifuta macho kwa mkono wenye matope.

Mfereji ulishika. Mvua kubwa zilipita juu yake na changarawe haikuondoka. Bwana agronomu alifika kabla ya Noeli kama Gaston alivyosema. Alitia wavu mara moja, na wanaume wawili walihitajika kuutoa. Gaston alisimama mbele yake akasema neno aliloahidi, kwamba hili ni shamba la wanawake wa Kitamuna na lina mavuno yake. Mzungu alitazama wavu, akatazama wanawake waliosimama kimya na majembe yao, akasema pamba itafutiwe mahali pengine. Akaomba samaki wa kula. Walimpa, lakini baada ya kumwuliza Hawa.

Kazi haikuishia hapo. Matete hayakuacha kuota, na kila baada ya wiki chache wanawake walilazimika kurudi na mapanga, wakilalamika migongo. "Mambo aliyokuwa akifanya usiku mmoja bila kuagizwa," Léocadie alisema, "sisi watu thelathini tunashindwa." Bwawa nalo lilikuwa bado maskini. Gaston aliwafundisha kutupa humo pumba za mpunga na samadi ya mbuzi, kidogo kidogo, na maji yalianza kuwa na ukijani ule wa zamani.

Kisha asubuhi moja, mvua zikielekea kuisha, Léocadie alikuta alama kwenye tope la mlango wa mto. Ilikuwa ya duara, yenye vidole vinne, pana kama sinia. Kando yake ilikuwepo nyingine. Matete pande zote mbili yalikuwa yamelala chini.

Alikwenda kumwita Hawa. Walisimama pamoja wakitazama.

"Ni mmoja," Hawa alisema. "Kijana. Ametoka wapi?"

"Mtoni. Amesikia nyumba iko wazi."

"Sasa tutafanyaje? Mpunga wangu uko pale. Na yule mume wangu wa mchana akisikia atahamia Kabambare."

Léocadie alifikiri. "Tutazungushia mpunga ua wa miiba, na mtaro nje yake. Ile nyasi ya ukingoni tusiilime, tumwachie. Na mitumbwi isipite hapa jua likizama. Yeye na njia yake, sisi na yetu."

"Na sala yako? Utasali siku tisa tena?"

"Nitasali. Lakini sitamwambia Mungu amwondoe nani." Alifanya ishara ya msalaba. "Nitamwomba anifundishe kutazama kabla sijaomba."

Kiangazi kilipofika, wanawake walijenga vizuizi vyao, wakachota. Kikapu cha kwanza cha Léocadie kilikuwa kizito hata akakiinua mara mbili. Kambare alikuwa mkubwa, mweusi, mwenye kovu kichwani, kama la yule anayegonga mlango kwa muda mrefu. Mjukuu wake, ambaye nywele zake zilikuwa bado hazijakolea vizuri, alipiga makofi akidhani ni chakula cha jioni.

"Huyu hapana," bibi alimwambia. "Huyu ni mjumbe."

Alimpeleka kwenye kina. "Nenda ukawaambie wenzako," alisema, na safari hii sauti haikumkwama, "kwamba tumewabakizia nyumba yenu."

Kabla hajafungua mikono, upande wa mtoni kulitoka mkoromo mzito, mrefu, kama wa mzee anayeamshwa mapema. Wanawake wote waliganda na mabeseni yao mikononi. Maji yalitikisika kidogo, yakatulia.

"Muke mwenza," Hawa aliita, akiwa ameshakishika kikapu cha pili, "mwambie bwana yetu awe na subira. Leo ni siku ya wanawake. Akiingia, tutampaka matope."